Baba Wawili, Sura Moja

Tanga

Mpendwa ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia, na swali lako kuhusu yule mzee mwenye mifupa ya mashavu iliyochomoza, anayetokea kuelekea mwisho wa The Constant Gardener, limenifurahisha sana. Jina lake ni Pete Postlethwaite. Picha za filamu hiyo zilipigwa Kenya, Kibera na Loiyangalani zikiwamo, na wanaoibeba hadithi ni Ralph Fiennes na Rachel Weisz. Yeye alipewa sehemu fupi tu, ya daktari aliyejificha katika kambi ya Sudan kwa jina lisilo lake. Hata hivyo wewe umeniuliza habari zake, hukuniuliza habari za steringi.

Alizaliwa Warrington, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, tarehe 7 Februari 1946, katika familia ya Kikatoliki ya watu wa kawaida. Kwanza aliwaza upadri, kisha akasomea ualimu na kufundisha maigizo, na baada ya hapo ndipo akaingia chuo cha uigizaji cha Bristol Old Vic. Katika miaka ya 1970 alikuwa katika ukumbi wa Everyman mjini Liverpool, pamoja na Julie Walters, Bill Nighy na Jonathan Pryce, wakati ambapo hakuna hata mmoja wao aliyejulikana mbali. Baadaye alicheza na Royal Shakespeare Company, kundi kubwa la maigizo la Uingereza. Watazamaji wa sinema walipoanza kumtambua, tayari alikuwa amevuka umri wa miaka 40, na miaka yake mingi ilikuwa imekwenda jukwaani.

Kama ningeulizwa ubingwa wake uko wapi, ningekutaka utazame filamu mbili tu. Ya kwanza ni Distant Voices, Still Lives ya Terence Davies, ya mwaka 1988, inayosimulia familia moja ya Liverpool zamani za Vita Kuu ya Pili na baada yake. Humo yeye ni baba mkali asiyetabirika. Usiku wa kuamkia Krismasi anaonekana akiwawekea watoto zawadi kimyakimya, huku wamelala, na uso wake umejaa huruma. Kisha wanapoketi mezani anakivuta kitambaa cha meza kwa mkupuo mmoja, vyakula na vyombo vinaanguka chini, naye anampigia mkewe kelele aje kusafisha. Hapewi sababu yoyote, wala yeye haitafuti. Mwigizaji dhaifu angetuonyesha dalili kwamba hasira inakuja. Yeye anatuacha tuishi kama wale watoto, bila kujua.

Ya pili ni In the Name of the Father ya Jim Sheridan, iliyotoka mwaka 1993. Ni kisa cha kweli cha Giuseppe Conlon, mgonjwa wa mapafu aliyesafiri kutoka Belfast kwenda London mwaka 1974 ili kumsaidia mwanawe Gerry, aliyekamatwa kwa mabomu asiyoyatega, akaishia kufungwa yeye mwenyewe na kufa kifungoni mwaka 1980. Filamu inawaweka baba na mwana katika seli moja, jambo ambalo halikutokea, lakini mimi nawasamehe watengenezaji kwa ajili ya kile ambacho seli hiyo inatupa. Daniel Day-Lewis, aliyecheza Gerry, anafoka na kuzunguka huku na huku, anafukua kinyongo cha utotoni kuhusu mechi ya mpira na medali. Mzee anamtazama tu, na kusikiliza kwake ndiko kunakoijaza seli. Sura ni ileile iliyotutisha katika ile filamu ya Liverpool. Kwa sehemu hiyo aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi, ingawa iliyoshinda ni kazi ya Tommy Lee Jones.

Angalia pia pumzi zake. Katika Brassed Off ya mwaka 1996 ni Danny, kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya wachimba makaa ya mawe, ambaye vumbi la mgodi limemharibu kifua. Hakohoi ili tumwonee huruma. Anajaribu kuficha, anakata sentensi mahali pasipo pake, na sisi tunaanza kuhesabu pumzi kwa niaba yake.

Hollywood ilimpa kazi nyingi: The Usual Suspects, Romeo + Juliet, na ile ya dinosau ya mwaka 1997, ambayo baada yake mwongozaji wake, Steven Spielberg, alimsifu kuwa mwigizaji bora duniani. Mwenyewe aliigeuza sifa hiyo kuwa mzaha, kwamba bila shaka Spielberg alisema Pete anajidhani kuwa bora duniani. Kwa maoni yangu, Wamarekani walikipenda kichwa chake kuliko walivyojua kukitumia.

Mwaka 2008 alirudi Everyman kucheza King Lear, mfalme mzee wa tamthilia ya Shakespeare, chini ya uongozaji wa Rupert Goold, na mchezo huo ukahamia ukumbi wa Young Vic, London, mwaka uliofuata. Lear ni yule baba wa kitambaa cha meza na yule baba wa seli, wote ndani ya mtu mmoja, na sishangai kwamba alikwenda kumchezea palepale alipoanzia. Alifariki kwa saratani tarehe 2 Januari 2011, akiwa na miaka 64.

Ukizipata filamu hizo mbili, anza na ya Davies, kwa sababu ukianza na ile ya Sheridan utampenda mapema mno. Kisha uniandikie ni wapi hasa ulipoanza kumwogopa. Nataka kujua kama ni pale nilipoanza mimi.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako,
Idi