Kwa vijana wangu wa mlo mmoja

Wajukuu zangu wa mbio za jioni,

Nasikia mmeapa kula mara moja kwa siku ili mfike miaka mia. Mnanijua, nimefundisha bayolojia mpaka chaki ikanikausha vidole, kwa hiyo sitawacheka. Jambo hilo lina mizizi. Mwaka 1935, Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, Clive McCay na wenzake walionyesha kwamba panya waliopunguziwa chakula, bila kukosa vitamini wala madini, waliishi muda mrefu kuliko wenzao walioshiba.

Utamu uko ndani ya seli. Kuna protini iitwayo mTOR, nyapara wa ujenzi. Chakula kikijaa, hasa asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, za nyama na maharage, nyapara hupaza sauti: jengeni! Taka zinarundikana, hakuna wa kuzizoa. Chakula kikipungua ananyamaza, na seli inaanza kuvunjavunja vipande vyake vilivyochakaa ivitumie upya. Kazi hiyo ni otofajia. Mjapani Yoshinori Ohsumi alipata Nobeli mwaka 2016 kwa kuifumbua akichunguza hamira. Hamira, hii hii ya maandazi!

Sasa, nyinyi si panya. Kima wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliopunguziwa chakula waliishi zaidi. Wa taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza uzee, hawakuishi zaidi. Ila kule Wisconsin wale walioachiwa wale watakavyo walipewa chakula chenye sukari nyingi. Mimi hapo naona sukari ndiyo iliyoshindwa, si njaa iliyoshinda. Watu nao walijaribu miaka miwili: waliombwa wapunguze kalori asilimia 25, wakaweza kama 12. Presha na kolesteroli vilishuka. Mifupa nayo ikapungua uzito.

Juzi nilimkuta mmoja wenu amekumbatia nguzo ya goli, midomo imepauka, hajala tangu jana. Usiku akafukia sahani mbili za chipsi mayai na soda kubwa. Hapo nyapara kaamka na tarumbeta.

Acheni sahani ya pili na soda, kuleni kabla giza halijaingia, dagaa na maharage msivipunguze. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo na mama anayenyonyesha wasifunge bila kumwona daktari.

Jumamosi nakuja uwanjani na mkungu wa ndizi mbivu. Yule wa nguzo ya goli ataanza yeye, nikimwangalia.

Babu yenu, mwalimu mstaafu