Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR: wanaohesabiwa ni waliopata nauli

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

YAH: UTAFITI WA MOYO, SARATANI NA MAGOTI USHUKE WILAYANI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Muheza. Ninaandika hadharani kwa kuwa ninachokiomba si changu peke yangu, na kwa kuwa barua za ofisini nazijua zinavyolala kwenye majalada.

Huku kwetu mtafiti si mgeni. Wajerumani walijenga taasisi yao Amani mwaka 1902, kule juu Usambara, na baadaye milima hiyohiyo ikawa makao ya utafiti wa malaria. Korogwe ilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani lilikuja kuipendekeza mwaka 2021. Watoto wetu wametobolewa vidole, mama zao wametia sahihi au dole gumba, na wahudumu wa afya wa vijiji wamepita mlango kwa mlango hadi mbwa wakawazoea.

Tena kazi hiyo haikuwa ndogo. Hospitali Teule ya hapa Muheza ilikuwa miongoni mwa hospitali za Tanzania, Kenya na Uganda zilizofanya utafiti wa FEAST. Mtoto akiletwa na homa kali, mikono ya baridi na damu isiyozunguka vizuri, vitabu vilituambia tumtundikie dripu na maji yaende haraka. Ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna aliyewahi kuuliza kama ni sahihi kwa mtoto wa huku mwenye malaria na upungufu wa damu. Watoto zaidi ya 3,000 waliingizwa kwenye utafiti ule, na majibu yaliyotoka mwaka 2011 yaliwashtua madaktari: waliopewa maji kwa kasi walikufa zaidi. Ndani ya saa 48 walifariki karibu 11 katika kila 100, na wasiopewa walifariki 7. Vitabu vilikuwa vimekosea, na waliovisahihisha ni wagonjwa na wahudumu wa wilaya kama yetu.

Ndiyo maana nauliza: mbona utaratibu huu haufiki kwa mtu mzima mwenye presha, kwa mwanamke mwenye saratani, kwa kijana aliyevunjika goti?

Najua utakavyojibu. Moyo una Taasisi ya Jakaya Kikwete, saratani ina Ocean Road, mifupa ina MOI, yaani Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Ni kweli, na wanafanya kazi nzuri. MOI imewahi kulinganisha njia mbili za kutibu mfupa wa mguu uliovunjika na kutoboa ngozi, yaani kuweka chuma ndani ya mfupa au kuufunga kwa vyuma vya nje, wagonjwa wakigawanywa kwa kura kama inavyotakiwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Lakini zote tatu ziko Dar es Salaam. Kutoka Tanga mjini ni kilomita zipatazo 350, na anayefika kule ni yule ambaye ukoo umechanga, au ameuza kiwanja, au ana bima. Utafiti unaofanyika kwenye wodi zile unawasema hao. Ni kama mtu anayetaka kujua samaki waliomo baharini kwa kuwahesabu walioko mezani kwenye soko la samaki la Deep Sea, Tanga.

Nenda kijijini uone waliobaki. Bibi aliyepooza upande mmoja na hakuwahi kupimwa presha hata siku moja. Mkwezi aliyeanguka kwenye mnazi, goti likateguka, akapelekwa kwa mzee wa kuunga mifupa, na sasa anauza maandazi kwa sababu hawezi tena kupanda. Mama aliyetoka damu miezi, akaambiwa ni mambo ya utu uzima. Hawa wakifa huzikwa asubuhi au alasiri, na hakuna takwimu inayotikisika.

Nchi hii inajua namna ya kuwapata. Miaka ya 1990, Hai, Morogoro Vijijini na baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, wafiwa walifuatwa majumbani na kuulizwa marehemu aliugua vipi, na ndipo ilipoonekana jinsi kiharusi kinavyoua watu wazima. Wasingejulikana kwa kusubiriwa hospitalini.

Majirani nao wametutangulia. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliingia shuleni na vijijini na mashine ndogo za kupimia moyo kwa mawimbi ya sauti, wakapima watoto zaidi ya laki moja. Walikuwa wanatafuta ugonjwa wa valvu unaoanza na kidonda cha koo kisichotibiwa, ukakaa kimya miaka, kisha ukamwangusha binti siku ya kujifungua. Watoto 818 waliogundulika mapema waligawanywa: nusu walichomwa penisilini kila mwezi kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Waliochomwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa chini ya 1 katika kila 100. Wasiochomwa, kwa 8. Dawa yenyewe ni ya zamani na ya bei ndogo. Gulu si Kampala, na hilo halikuzuia kitu.

Kuhusu presha, mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uliolinganisha dawa za kuchanganya kwa Waafrika weusi 728 kutoka nchi sita. Mchanganyiko wenye amlodipini ulishusha presha vizuri zaidi kuliko ule usio nayo. Kenya ilikuwamo, Uganda ilikuwamo. Sisi hatukuwamo.

Magoti ndiyo yamesahauliwa kabisa, labda kwa sababu hayaui. Inajulikana kwamba kano ikikatika au gegedu likichanika, goti huweza kuharibika ndani ya miaka 10 hadi 20 hata baada ya maumivu ya kwanza kuisha. Lakini waliofuatiliwa miaka hiyo yote ni watu kama wanasoka wa Uswidi. Nani amemfuatilia mkata mkonge, au dereva wa bodaboda aliyerudi barabarani goti likiwa limevimba kwa kuwa pikipiki ni ya mkataba na tajiri anataka hesabu yake jioni? Eksirei huonyesha mfupa tu. Kano haionekani, kwa hiyo kijana huambiwa hana kitu.

Na saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, kirusi chake kinajulikana, chanjo ya wasichana ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, kipimo cha kupaka siki kinaweza kufanyika zahanati. Kilichobaki kuchunguzwa ni kwa nini mwanamke wa Handeni anachelewa, na jibu hilo halipo Ocean Road.

Ombi langu, basi. Vituo vyenu vya Amani na Tanga vina maabara, vina watu waliozoea kutembea vijijini, vina imani ya wananchi iliyojengwa kwa miaka mingi ya malaria. Viongezeeni kazi hii. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili cha watu, si cha kamusi. Majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla hayajasomwa Geneva. Na bajeti ya utafiti ibebe matibabu ya watakaogundulika, hilo nalisisitiza: kumwambia mzazi kwamba valvu ya mwanawe imeharibika, kisha kumwachia nauli na gharama za upasuaji, ni ukatili hata kama kamati ya maadili imepiga muhuri.

Fedha ni chache, naelewa, na wafadhili hulipia wanachokipenda wao. Kwa hiyo anzeni na kidogo: mashine moja ya kupimia moyo, na shule za msingi za Muheza na Korogwe. Shule zinafunguliwa Januari. Wauguzi wastaafu tuko hapa, na wengine wetu bado tunaweza kuchoma sindano bila kumliza mtoto.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Muheza, Tanga.