Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Madishi, Leseni na Usalama wa Nchi

Ndugu wanachama,

Naleta mbele yenu taarifa ya mwaka 2025. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mambo ya ofisi atayaeleza katibu. Mimi naomba niutumie muda wangu kwa jambo lililotuchukulia vikao vingi kuliko mengine yote: intaneti ya setilaiti inayoletwa na makampuni ya nje, masharti ambayo serikali inataka kuyaweka, na hoja ya usalama wa nchi ambayo sasa imeingia katika kila mazungumzo.

Chama chetu ni cha mafundi, wauzaji wa waifai za mitaani na wenye mitandao midogo, kuanzia Kilifi hadi Lamu. Tangu Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti ya Elon Musk, ianze kuuzwa Kenya Julai 2023, kazi ya wengi wetu imebadilika. Kebo za intaneti zinazopita chini ya bahari, TEAMS, SEACOM na EASSy, zote zatua Mombasa, lakini kebo kutua Mombasa hakujawapa watu wa Kipini wala Kiunga intaneti ya kutegemea. Na kebo zenyewe hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mtandao ukazorota kuanzia kwetu hadi Tanzania na kwingineko. Mwenye njia ya pili siku ile aliijua faida yake.

Sasa nije kwenye hofu ya serikali. Wako wanachama wanaosema kuwa neno usalama ni kisingizio tu. Mimi sikubaliani nao, na ningependa tulielewe jambo hili vizuri kabla ya kulipinga.

Data ikipita kwenye kebo, kuna jengo, kuna kampuni yenye ofisi hapa, na polisi mwenye amri ya mahakama anajua mlango wa kubisha. Setilaiti za Starlink zinazunguka dunia kwa urefu wa kilomita 550 hivi na zinaweza kupokezana data kwa miale ya leza huko huko juu, kisha zikaishusha katika nchi nyingine kabisa. Data ya mteja wa Kenya ilikuwa ikizungukia Lagos au Ulaya, mpaka kampuni ilipofungua kituo chake cha kuunganisha mtandao Nairobi Januari 2025. Sisi mafundi tulifurahia kasi iliyoongezeka. Kwa mtu wa usalama habari ilikuwa nyingine: hatimaye kuna kitu ndani ya mipaka yetu ambacho sheria ya Kenya inaweza kukifikia.

Iko pia hofu ya mkono mmoja kushika swichi. Septemba 2023 Elon Musk mwenyewe alieleza kwamba alikataa ombi la Ukraine la kuwasha huduma hadi Sevastopol, huko Crimea inayoshikiliwa na Urusi. Mtu anaweza kuuona uamuzi ule ni sawa au si sawa. Linalotuhusu ni kwamba jambo la vita vya nchi liliamuliwa na mwenye kampuni. Februari 2024 idara ya ujasusi wa kijeshi ya Ukraine ikasema wanajeshi wa Urusi nao wanatumia madishi ya Starlink katika maeneo waliyoyateka. Dishi halimjui adui wala rafiki.

Wenzetu wa Kongo walilipitia hili karibu zaidi na sisi. Machi 2024 serikali ya Kinshasa ilipiga marufuku Starlink, na miongoni mwa sababu ilikuwa hofu kwamba waasi wa mashariki wangeitumia. Januari 2025 Goma, mji mkubwa wa mashariki, ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Mei mwaka huo huo, vita vikiwa havijaisha, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo ikaipa kampuni leseni. Nimelitafakari sana jambo hilo. Marufuku haikuyazuia madishi kuvuka mpaka. Ilichokifanya ni kuyaacha bila daftari wala mwenyewe. Na sisi tumepakana na Somalia, ambayo nayo iliipa Starlink leseni Aprili 2025. Madishi yako pande zote mbili za mpaka sasa, na kusema hapana hakutayaondoa.

Mwaka huu mwanachama wetu mmoja alizuiliwa kwenye kizuizi kimojawapo katika barabara ya Garsen kwenda Lamu akiwa na dishi jipya kwenye boksi, limenunuliwa dukani Mombasa kwa risiti halali. Linakwenda kufungwa kwenye zahanati. Ofisa alitazama boksi, akatazama risiti, akauliza: namba iliyoandikwa hapa ni ya nani, na iko kwenye orodha gani? Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu orodha hiyo haipo. Akaunti ilikuwa imefunguliwa kwa jina la jamaa anayeishi ng'ambo, kwa kuwa ndiye mwenye kadi ya benki ya kulipia. Dishi lilikaa pale siku kadhaa kabla ya kuachiliwa. Simlaumu yule ofisa. Barabara ile imemwaga damu, na swali lake lilikuwa swali la haki.

Lakini zahanati ile ile inaonyesha upande wa pili. Al-Shabaab wamelipua milingoti ya simu mara nyingi katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa, na wanajua kwa nini wanailipua: kijiji kisichoweza kupiga simu hakiwezi kuita msaada. Dishi juu ya paa la zahanati au shule ni ulinzi pia. Mwenye kuandika kanuni za usalama asilihesabu dishi katika safu ya hatari peke yake.

India wamejaribu kuyapanga haya kwa maandishi. Mei 2025 walitoa masharti ya wazi: data ibaki nchini, vyombo vya dola viweze kufuatilia mawasiliano kwa mujibu wa sheria, na ukanda wa kilomita 50 kutoka mpakani uwe na uangalizi maalumu. Baadhi ya masharti hayo ni makali mno kwa ladha yangu, na yakiletwa hapa yalivyo yatawabana watu wa Kiunga na Ishakani kwa kosa la kuzaliwa mpakani. Hata hivyo yameandikwa. Mtu anaweza kuyasoma na kuyapeleka mahakamani.

Linganisheni na majirani. Tanzania mtandao ulizimwa siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, watu wakakaa siku kadhaa wakitafutana. Uganda, Starlink ilizima huduma zake tarehe 1 Januari 2026 baada ya agizo la tume ya mawasiliano, wiki mbili kabla ya kupiga kura, kwa maelezo kuwa kampuni haikuwa na leseni. Kampuni isiyo na leseni haina pa kusimama, na hilo ni funzo kwa wanaodhani leseni ni usumbufu tu. Lakini mgonjwa na mfanyabiashara hawakuwa na kosa lolote. Kwetu, Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda ya kuizuia serikali kuzima mtandao wakati kesi inasikilizwa. Uchaguzi wa 2027 unakuja. Kamati inaifuatilia kesi hiyo kwa makini kuliko jambo lingine lolote, na nawaomba nanyi mfanye hivyo.

Kuhusu ada: Mamlaka ya Mawasiliano imependekeza leseni ya huduma za setilaiti ipande kutoka dola 12,500 hadi dola 115,000 hivi. Tumepinga, na naomba msimamo huo mtuunge mkono. Ada hiyo haitaitikisa kampuni ya Musk. Itawafunga wadogo wanaotaka kushindana naye, na kutuacha mikononi mwa mmoja, hali ambayo ndiyo hatari ya usalama tunayoizungumzia. Wala dola 115,000 hazitamjibu yule ofisa wa kizuizini. Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ikitaka makampuni ya setilaiti yasipewe leseni zao wenyewe bali yafanye kazi kupitia makampuni yaliyopo nchini. Hoja yao kwamba mawimbi ya setilaiti yanaweza kuingiliana na yale ya mitandao ya simu ina uzito. Lakini wakati ule serikali ilikuwa na asilimia 35 ya hisa za Safaricom, na mwamuzi mwenye hisa katika timu moja lazima aonyeshe sababu zake hadharani.

Msimamo ambao kamati imeuandika, na ambao mtaupigia kura leo, una mambo mawili. Kila dishi liwe na mwenyewe anayejulikana: namba ya kifaa, jina na mahali lilipofungwa, chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na anayetaka kuifungua orodha hiyo aje na amri ya mahakama. Na huduma isizimwe kwa simu ya mkubwa. Izimwe kwa amri ya maandishi, kwa eneo na muda uliotajwa, na zahanati ziachwe.

Hatutasubiri serikali ianze. Kuanzia mwezi ujao kila fundi atakayefunga dishi atajaza fomu ya ukurasa mmoja: nakala kwa mteja, nakala kwa fundi, nakala ofisini katika kabati lenye kufuli ambalo funguo zake zitakaa kwa watu wawili. Wanaouza waifai kwa majirani bila kibali waje wamwone katibu leo hii kuhusu leseni ya mitandao ya jamii, iliyowekwa na Mamlaka mwaka 2021. Kamati haitaweza kumtetea mbele ya Mamlaka mtu ambaye hata kuomba hajaomba.

Fomu ziko mezani pale mlangoni. Namkaribisha mweka hazina atusomee hesabu, kisha tupige kura.