Miwani ya kusomea isichaguliwe kwa kubahatisha

Mhariri,

Wengi wakifika miaka 40 hivi huanza kusogeza simu mbali ili wasome ujumbe, kisha hununua miwani ya kusomea barabarani. Si kosa, ila ijaribiwe vizuri. Shika gazeti sentimita 40 kutoka usoni, penye mwanga wa kutosha, uanze na lenzi ya +1.00 (namba hiyo ni nguvu ya lenzi), kisha upande kidogokidogo. Ukisoma herufi ndogo bila kukunja uso, ishia hapo. Wa miaka 50 wengi huhitaji karibu +2.00. Nguvu ikizidi huoni vizuri zaidi, unaishia kuinamia karatasi tu.

Kasoro ya miwani hii ya barabarani ni kwamba lenzi zote mbili zina nguvu moja, ilhali macho yako huenda yanatofautiana. Funika jicho mojamoja, utajua. (Na usiendeshee gari, mbali utaona ukungu.)

Mtoto anayefinya macho akitazama ubao asinunuliwe hiyo, apelekwe kupimwa. Uoni ukipungua ghafla, jicho likiuma na kuwa jekundu, au ukiona vimulimuli vya mwanga, wahi hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari apimwe kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Mpima macho,
Morogoro