Wazazi wa Wete, midomo yenu ilikuwa wapi kabla ya maziko?

Assalaam alaykum, wanangu.

Wengi wenu nimekupokeeni kwa mikono hii mkitoka matumboni mwa mama zenu, kwa hiyo ukali wa barua hii sitauombea radhi. Mimi ni mkunga na muuguzi mstaafu, na mnanijua nikianza kusema sinyamazi haraka. Nilikaa kimya nikingojea maimamu, masheha na walimu waseme. Wamesema, tena sana. Nililokuwa nikilingojea halikusemwa.

Kijana wetu wa kidato cha nne amefariki kwa kujiua. Jina lake hamtaliona humu, wala njia aliyoitumia. Yote mawili mnayo kwenye simu zenu, na hapo ndipo hasira zangu zinapoanzia. Maiti hajakoshwa, picha yake imeshazunguka makundi ya WhatsApp ya shehia, imeshavuka bahari hadi Maskat, imerudi na maneno mapya. Baba yake alikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi. Habari ya mwanawe hakupewa na nduguye wala na sheha. Aliiona kwenye simu ya mvuvi mwenziwe. Aliyeituma huenda anasoma barua hii. Simjui na sina haja ya kumjua.

Baada ya picha zikaja sauti. Mmoja kasema ni mapenzi, wa pili kasema ni mtihani wa majaribio, wa tatu kasema mama alimnyang'anya simu, wa nne kasema ana jini tangu mdogo. Watu ambao hawajapata kuelewana hata juu ya bei ya karafuu, wameelewana barazani kwa nini mtoto wa watu kafa. Na mama yake anayasikia, maana baraza hiyo iko chini ya dirisha lake.

Nakwambieni niliyojifunza kazini. Mtu hajiui kwa sababu moja. Yanakusanyika: maradhi ya akili ambayo hakuna aliyeyatambua, sonona khasa, kuonewa skuli, ugomvi wa wazazi usiokwisha, udhalilishaji uliofichwa, kufiwa, aibu. Kisha linatokea la mwisho, hata liwe dogo, na watu hulishika hilo wakasema ndilo lililomuua. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja katika kila 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Lichukueni darasa moja la skuli zetu, na madarasa yetu mnajua yalivyojaa, mpige hesabu wenyewe. Kwa walio baina ya miaka 15 na 29, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Na yule mzee aliyesema haya ni mambo ya Wazungu, ajue kwamba karibu robo tatu ya vifo hivi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama hii yetu.

Lipo jambo ambalo sisi wa hospitali tunalijua na nyinyi wa simu hamlijui: kifo cha namna hii kikisimuliwa ovyo huvuta kingine. Mjini Vienna, Austria, katika miaka ya 1980 watu walikuwa wakijiua kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, na magazeti yakikitangaza kila kifo kwa vichwa vikubwa na maelezo marefu. Vifo vikazidi. Mwaka 1987 wataalamu wakawaomba waandishi waache mbwembwe: wafupishe, wasieleze namna, wasiweke ukurasa wa mbele. Waandishi wakakubali, na vifo vile vikapungua kwa takriban robo tatu katika muda mfupi. Hapakujengwa hospitali wala hapakugawiwa dawa. Watu wamechunga kalamu zao tu. Kwetu sasa kila mwenye simu ni mhariri, na kijana mwenye maumivu yake chumbani anaona jinsi mwenzake, aliyekuwa hasemeshwi na mtu, leo anavyotajwa kisiwa kizima.

Habari za waliofikia ukingoni kisha wakasaidiwa, hizo huwafaa wengine. Hizo hamzirushi. Basi nitakupeni moja.

Miaka yangu ya mwisho kazini aliletwa msichana wa kidato cha pili. Tumbo. Akatibiwa, akarudi, tumbo tena. Malaria hana, mkojo safi, choo safi. Mama yake kachoka, ananiambia mtoto anasikia: "Huyu hataki skuli tu, mpigeni sindano kubwa akome." Nikamwomba mama aende masijala akanitafutie faili, na faili lenyewe nilikuwa nimelikalia. Nikafunga mlango, nikakaa naye kitandani bega kwa bega. Nikamuuliza skuli: nzuri. Nyumbani: nzuri. Usingizi: akanyamaza. Nikamuuliza, "Mwanangu, umewahi kuona bora ufe? Umefikiria kujiua?"

Hakushtuka. Alishusha pumzi, akasema, "Tangu Ramadhani." Tulikuwa tumeshapita mfungo tatu. Muda wote huo mtoto anakula nasi, anasali nasi, anakwenda chuoni kusoma Kurani, na hapana aliyemuuliza. Kumbe kijana mmoja alikuwa na picha yake na anaitembeza, na wenzake darasani walishampa jina ambalo mimi siliandiki.

Sikumhutubia. Nilimwambia nimefurahi ameniambia, na kwamba hatoki pale peke yake. Mama aliporudi na ghadhabu za faili tukazungumza naye sote wawili, mtoto mwenyewe akiridhia. Siku hiyo mama alilala chumba kimoja na mwanawe. Asubuhi wakaonana na daktari. Mwalimu mkuu akaitwa, na kwa mara moja katika maisha yangu nilimwona mwalimu mkuu anachukua hatua bila ya kuunda kamati. Ilichukua miezi, haikuwa safari nyepesi, siku nyingine mambo yalirudi nyuma. Leo yuko Unguja anasoma chuo, na akija likizo hunipitia akanicheka kwa lile faili.

Mnaniambia, "Bibi, tukimuuliza si tutamtia wazo?" Hapana. Utafiti umefanywa na kurudiwa: kumuuliza kijana waziwazi hakumpandikizii wazo la kufa, na mara nyingi humpunguzia mzigo. Wazo lipo au halipo kabla hujafungua mdomo. Lakini ulizeni swali lenyewe. Mzazi anayesema, "Wewe huwazi mambo ya kipumbavu, eh?" ameshajijibu, na mtoto mwenye adabu atamwitikia vile anavyotaka kuitikiwa. Ulizeni mkiwa wawili, njiani mkirudi shamba, au jikoni mnapokuna nazi, mahali ambapo macho hayalazimiki kukutana. Kisha nyamazeni. Hapa ndipo mnaposhindwa nyote, kina baba zaidi. Mtoto akikaa kimya kidogo tu mnalijaza pengo kwa nasaha, kwa mfano wa mtoto wa jirani, kwa habari za enzi zenu mlizokwenda skuli bila viatu. Kawauliza nani habari za viatu?

Akisema ndiyo, msipige ukelele, msimtishe kwa moto, msimwambie anataka kukuaibisheni. Msimwahidi kwamba mtaifanya siri. Muulizeni kama ameshafikiria namna, na kama ameshafikiria, msimwache peke yake hata dakika moja mpaka afike hospitali. Hamu hiyo ya kufa, kwa walio wengi, ni kama bamvua: maji hujaa kwa nguvu ukadhani hayatapwa tena, kisha yakapwa. Wengi wa waliojaribu wakaokolewa hawakufa kwa kujiua baadaye. Kwa hiyo saa zile chache za maji kujaa ndizo za kuwa naye, na nyumba iwe haina cha kumdhuru. Dawa za bibi na za babu zifungiwe kwa ufunguo. Sumu za panya na za shamba zitoke nyumbani kabisa. Msiseme "akitaka atapata njia tu". Sri Lanka walipiga marufuku sumu kali za mashambani, na baina ya 1995 na 2015 kiwango cha watu kujiua nchini humo kikashuka kwa takriban asilimia 70. Walioondolewa sumu hawakukimbilia njia nyingine kama mnavyodhani, wengi waliishi.

Dalili nazitaja bila maelezo, maana zinajulikana na mnazipuuza. Kujitenga na marafiki. Kulala mno au kutolala. Kuacha kitu alichokipenda, awe mpira au kasida. Kugawa vitu vyake. Kusema "nitakupumzisheni". Kujiumiza mwilini. Utulivu wa ghafla baada ya dhiki ndefu. Kuwahi kujaribu, hii ndiyo kubwa kuliko zote.

Sasa nyinyi wa msikitini. Nimeambiwa yupo aliyesema kijana yule asisaliwe, na safu siku ile zilikuwa chache, nimeziona. Dhambi ni dhambi, sibishi. Lakini aya ya 29 ya Surat An-Nisaa, inayokataza watu wasijiue, inamalizia kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, na nyinyi mnaikata katikati. Katika madhehebu yetu ya Shafii aliyejiua hukoshwa, husaliwa na huzikwa na Waislamu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipata kuacha kumsalia mmoja, na wanavyuoni walio wengi wakaeleza kuwa ni onyo kwa walio hai, wala si amri ya kumtupa maiti. Someni pia katika Sahih Muslim habari ya yule mtu aliyehajiri kwenda Madina pamoja na sahaba Tufayl bin Amr, akaugua, akashindwa kuvumilia, akajimaliza. Tufayl alimwona ndotoni amesamehewa, ila mikono yake, aliyokuwa ameidhuru, imebaki vilevile, na alipomweleza Mtume, Mtume akaiombea maghufira na mikono hiyo. Imamu Nawawi, aliyekifafanua kitabu hicho, akaeleza kwamba hii ni hoja kuwa mtu huyo hatoki katika Uislamu. Kama Mtume kamwombea, wewe na kanzu yako umejiweka daraja gani?

Na anayetaka kumsomea mwanawe Kurani amsomee, ni kheri. Amsomee njiani wakienda hospitali.

Kwani la hospitali nalo lina maneno. "Nitampelekaje mwanangu kwa daktari wa akili, watu si watasema wa Kidongo Chekundu?" Wacha waseme. Kidongo Chekundu ni hospitali, wanatoka watu wamepona, na si kila mwenye sonona anapelekwa huko. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu nanyi. Mbaya zaidi ni muhali. Mtoto anadhalilishwa na jamaa, familia inakaa kikao usiku, inakubaliana iwe siri, jamaa anaendelea kualikwa sikukuu. Mtoto anatakiwa ampe mkono wa Idi. Halafu mnashangaa kwa nini amekuwa hasemi! Vituo vya Mkono kwa Mkono vimo mahospitalini kwa kuwahudumia waliodhalilishwa. Vitumieni kabla hamjakaa kikao.

Serikali nayo isidhani imesalimika. Skuli zetu mwalimu wa ushauri nasaha ndiye huyo huyo wa hisabati, na ndiye anayeshika bakora. Nani atamfuata mwenye bakora akamweleza kwamba hataki kuishi? Matokeo ya kidato cha nne kwa kawaida hutoka Januari, na kila mwaka mtoto aliyepata sifuri huachiwa ukoo mzima umseme. Na familia zinazoficha mtoto aliyejaribu kwa kuwaogopa polisi, sizilaumu peke yao. Pakistan ilifuta kosa la jinai la kujaribu kujiua Desemba 2022, Malaysia ikafanya hivyo 2023, zote nchi za Waislamu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikasema kumwadhibu mtu huyo ni kinyume cha katiba. Wawakilishi wetu wanaokuja kutuomba kura wayasome hayo, waache kutuhesabia watalii.

Vijana wangu, mnaosoma kwa kuchungulia simu za wazazi: nanyi nina neno. Rafiki yako akikwambia anataka kufa, hiyo si siri ya kuweka, hata kama umeapa. Mwambie mtu mzima, wa kwanza akikupuuza nenda kwa wa pili. Na kama ni wewe mwenyewe, namba 116 ni ya watoto, bure, Unguja, Pemba na Bara. Mlango wangu pia mnaujua, na mimi usingizi wangu ni mwepesi.

Wasimamizi wa makundi, ile picha ifutwe leo kabla ya Isha, na atakayeirudisha mtoeni. Mama wa marehemu hajapata wa kumpikia tangu juzi. Kina mama gawaneni siku, na mkifika msimuulize ilikuwaje, mwambieni mnavyomkumbuka mwanawe. Alhamisi baada ya Alasiri nitakuwa pale chuoni kwa wazazi wenye watoto wa kidato cha pili na cha nne. Kina baba waje wenyewe, wasitume wake zao. Simu zitawekwa kwenye ungo mlangoni.

Bibi yenu,
muuguzi mstaafu, Wete.