YAH: Sikwensa ya sinthesaiza yenu kutohifadhi urefu wa mpangilio wa noti

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Ninaandika kulalamikia hitilafu iliyojitokeza katika sinthesaiza (ala ya kielektroniki ya kutengeneza sauti) niliyoinunua kwenu, baada ya kuiwekea sasisho la programu mlilolitoa ninyi wenyewe na kutuhimiza wateja tulipakue. Tangu hapo sikwensa yake ya hatua 16, yaani sehemu inayopiga yenyewe kwa kurudiarudia noti nilizozipanga hatua kwa hatua, haihifadhi tena urefu wa mpangilio, yaani idadi ya hatua zinazopigwa kabla ya kuanza upya, na kazi zangu za studio hapa Mombasa zimekwama.

Hitilafu yenyewe ni rahisi kuishuhudia. Ninashikilia kitufe cha urefu, nabonyeza hatua ya 12, na taa za hatua ya 13 hadi ya 16 zinazimika inavyotakiwa. Naingiza noti za besi, nahifadhi, na mpangilio unapiga sawasawa maadamu chombo hakijazimwa. Nikikizima na kukiwasha tena, noti zote zipo mahali pake, lakini zile taa nne zinawaka upya na mpangilio umegeuka kuwa wa hatua 16, nne za mwisho zikiwa kimya. Mwongozo wenu unasema waziwazi kwamba urefu huhifadhiwa pamoja na noti, na kabla ya sasisho ndivyo ilivyokuwa.

Mimi hutengeneza chakacha, ambayo mdundo wake ni wa 6/8, na hatua 12 hunipa mizunguko miwili kamili ya mapigo sita. Mashine ya ngoma inapozunguka kwa 12 na besi kwa 16, besi huchelewa hatua nne inapoanza upya, kisha nane, na haikutani tena na ngoma mpaka hatua 48 zimalizike. Hakuna awezaye kuzungusha kiuno kwa mdundo wa namna hiyo, na chakacha isiyochezeka si chakacha.

Mhudumu wenu alinishauri niunganishe mipangilio mitatu ya hatua 16 ili nipate hizo 48. Ushauri huo unakula nafasi tatu za kumbukumbu kwa wimbo uliohitaji moja, na ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba noti ya kwanza ya besi inatawanyika kwenye hatua ya 1 na ya 13 ya mpangilio wa kwanza, ya 9 ya mpangilio wa pili, na ya 5 ya mpangilio wa tatu. Kila ninapotaka kuipandisha au kuishusha noti hiyo moja, nalazimika kuitafuta na kuirekebisha mahali pote panne, ilhali raha ya sikwensa ya hatua ni kugusa kitufe kimoja na kusikia tofauti papo hapo.

Aliongeza kwamba hatua 16 ndizo zinazoafikiana na MIDI, kiwango kinachoziwezesha ala za kielektroniki kuwasiliana, na hili silikubali hata kidogo. Tangu kiwango hicho kitoke mwaka 1983, saa yake, inayoziweka ala katika mwendo mmoja, hutuma ishara 24 kwa kila robo noti, yaani kwa kila pigo, ambazo hugawanyika sawasawa kuwa sita kwa kila hatua pigo likigawanywa kwa nne, na nane likigawanywa kwa tatu. Hata TR-808, mashine ya ngoma ya kampuni ya Roland, iliyotoka mwaka 1980 kabla ya MIDI yenyewe, ilimwezesha mpigaji kuchagua mgawanyo wa utatu na kuweka hatua ya mwisho aitakayo.

Kwa hiyo ninaomba mtoe sasisho linalorekebisha uhifadhi wa urefu na mnijulishe kwa maandishi litatoka lini. Wakati huo huo, ninaomba mturuhusu kurudisha programu ya awali, ambayo sasa chombo kinaikataa kila ninapojaribu kuipakia. Ikiwa yote mawili hayawezekani, basi nirudishiwe fedha zangu kamili, kwa kuwa chombo bado kiko ndani ya muda wa dhamana na kimeharibiwa na programu yenu. Nimeambatisha nakala ya risiti, namba ya chombo, na video inayoonyesha taa hizo kabla na baada ya kuzima.

Ninasubiri jibu lenu.

Wenu mteja,
Mtayarishaji wa muziki, Mombasa