Barua kutoka Mkwawa

Iringa

Mpendwa Neema,

Kamwene, rafiki yangu. Natumaini nyote huko Mbeya hamjambo na mama anaendelea vizuri. Huku baridi imeshaanza, maji ya kuoga asubuhi hayashikiki.

Uliponiuliza kwa nini chuo chetu cha Mkwawa hakifanani na shule za serikali tulizosoma mimi na wewe, sikuwa na jibu. Nimeulizia na kusoma tangu siku ile. Neema, hapa ninapoishi hapakujengwa kwa ajili yetu.

Mambo yalianzia kwenye karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walipungukiwa na mafuta ya kula, wakaamua kulima karanga Tanganyika, mashamba makubwa ya matrekta. Kongwa walianza mwaka 1947. Mibuyu ikawashinda kung'oa, mvua zikawa haba, udongo nao kiangazi ukakauka kama saruji. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, mamilioni ya pauni yameteketea. Ila wasimamizi walikuwa wamekuja na familia zao, hivyo Kongwa ikawa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 shule ile ikafungwa, watoto wakahamishiwa hapa Iringa kwenye shule mpya kabisa: St Michael's and St George's.

Sasa linganisha miaka. Juni 1954, Gavana Twining wa Waingereza alikabidhi Kalenga, jirani na hapa Iringa, fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, likitokea Bremen, Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, ulikuwa umeshaagiza Wajerumani walitoe! Aliyelipokea ni Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Yaani serikali iliyorudisha fuvu la babu kwa gwaride na hotuba, miaka michache tu baadaye ilijenga jirani na hapohapo shule ambayo mtoto wa Kihehe hakuwa na nafasi ndani yake. Hilo linaniuma kuliko yote niliyosoma.

Sheria ya kutenganisha shule kwa rangi ilikoma Januari 1962. Shule ya wale watakatifu wawili haikudumu baada ya hapo. Ikageuzwa Sekondari ya Mkwawa, na mwaka 2005 ikawa chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam. Aliyechagua jina hilo alijua anachofanya, nami namshukuru kwa moyo wote.

Ninachotaka ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, siku anayokabidhiwa chumba, asimuliwe habari hii. Sisi ni walimu watarajiwa. Wengi wetu tutasimama darasani kufundisha jinsi elimu ya kikoloni ilivyobagua watoto, na tutakuwa tumeishi miaka mitatu kwenye ushahidi wenyewe bila kuujua. Nimeshaanza kuandika maelezo mafupi ili niyapeleke kwa mlezi wa wanafunzi.

Hapo ndipo nakuhitaji. Mjomba wako alisoma Mkwawa miaka ya 1970. Muulize mabweni yaliitwaje enzi zao, na kama walimu wao waliwahi kuwasimulia habari za shule ya Wazungu. Andika kila anachokumbuka, hata kile anachokiona kidogo, unitumie kabla ya mitihani.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Zawadi